Sitaitika Mwenyekiti Akiniita, Damiano

Damiano, mtani wangu, Mmakua usiye na haya,

Umekufa bila kuniaga, na hilo sijakusamehe. Usidhani barua hii ni ya kubembeleza. Nimekaa barazani kwangu asubuhi hii, kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa kamba, kile ulichokuwa unakataa kukalia ukisema nataka kukuvunja kiuno nirithi baiskeli yako. Nimeweka karatasi juu ya ubao wa kukatia tumbaku. Naandika mwenyewe. Hakuna mjukuu aliyenishikia kalamu. Wanaosema Likomba hajui kuandika waje wachungulie hapa begani. Herufi zangu kubwa kama kuku, lakini zinatembea, na zinakwenda ninakotaka mimi.

Wewe, katekista wetu, ndiye uliyenifundisha, nyuma ya kanisa letu la kigango, mimi tayari nina wajukuu, nembo zangu za Kimakonde usoni, nimekaa kwenye benchi moja na watoto wa komunyo ya kwanza. Ulisema, "Mtani, kichwa chako hiki ni gogo la mpingo. Patasi yangu itakwisha meno." Haikuisha. Mimi ndiye Mmakonde pekee wa hapa aliyejifunza kusoma uzeeni na bado ana nguvu za kuchimba. Kama yuko mwingine, mtaje. Huwezi. Umekufa.

Habari za huku. Mkorosho wako wa nyuma ya nyumba umezaa kama umepandwa wazimu, mabibo yanaoza chini, na shemeji yako mdogo anayageuza pombe, uraka wa siri ambao kijiji kizima kinaujua. Mjane wako Mama Fausta hajambo. Analia anapokoroga uji wa asubuhi, kwa sababu mkono wake bado unapima wa watu wawili, halafu anafuta machozi na kumgombeza paka. Magari ya kiwanda cha gesi bado yanapita kwenda Madimba yakitutimulia vumbi. Umeme sasa umefika mpaka kwa Bibi Somoe, yule mchokoa pweza. Kaburi lako liko sawa. Nalipitia kila nikitoka shamba. Halijatitia hata kidole, na halitatitia, kwa sababu nilichimba mimi.

Unajua mchanga wetu huu wa pwani. Ukichimba hovyo unamwagika, kaburi linakuwa bakuli. Makaburi yote ya kigango tangu mzee Likwata aache ni mkono wangu. Nalowesha mchanga, nachimba, nalowesha tena, kuta zinasimama kama za nyumba ya mzungu. La kwako nililifanya zuri kuliko yote, nikasikia uchungu, nikataka kukutukana usikie. Basi nikafanya kama tulivyoagizana. Mwili wako ulipoletwa, nikaingia kaburini nikalala chali. Nikasema, "Huyu Mmakua maisha yake yote kanipokonya kiti. Leo nimemtangulia kitandani. Sitoki mpaka niletewe jogoo!" Nikakohoa kile kikohozi chako cha kuanzia sala. Watu walicheka huku wanalia. Mama Fausta alicheka mpaka akashikiliwa. Nikajua umezikwa na mtani wako, si na wageni.

Lakini mwenyekiti mpya wa jumuiya alikuwa amesimama pale. Unamkumbuka, Bwana Kalisti, aliyekuwa karani bandarini Mtwara, akastaafu akanunua shamba huku kwetu. Kwao ni kaskazini milimani, mambo ya utani msibani hawana. Akapiga kelele, "Mtoeni huyo mlevi kaburini!" Sikuwa nimeonja kitu siku ile, haki ya Mungu, ingawa siku nyingine sitakuapia. Watu wakamweleza. Akasema mila sawa, lakini utaratibu ni utaratibu. Tangu siku hiyo mimi na yeye tukawa tunasalimiana kwa pembe ya mdomo.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana hii ndiyo sababu ya barua.

Baada ya wewe kuondoka, watu walilegea. Nasema kweli, sitafuni maneno. Jumuiya ya Jumamosi ilibaki na mimi, Mama Fausta, mwenyekiti na wazee wachache wa kusinzia. Alipofariki yule babu wa kule bondeni, watu waliomzika walikuwa wachache hata jeneza tulilibeba kwa kupumzika njiani. Mwenyekiti aliumia. Nilimwona amekaa juu ya jiwe anajipepea kofia, macho mekundu. Jumapili iliyofuata akasimama baada ya ibada akasema:

"Kuanzia sasa jumuiya ni Jumamosi saa tatu asubuhi, na majina yataitwa. Ukiitwa, unaitika 'Nipo.' Asiyekuja na asiyeitika, siku akifa tusisumbuane. Hatutampigia kengele, hatutamchimbia, hatutamsalia. Watu wanaikumbuka jumuiya siku ya kufa tu. Basi tuone."

Watu wakaangalia miguu yao. Mimi nikasimama, unanijua. Nikamwambia, "Mwenyekiti, kuchimba nachimba mimi. Umeniuliza?"

Akasema, "Mzee Likomba, wewe unahudhuria, hili halikuhusu."

"Linanihusu. Na Rozalina je?"

Unamkumbuka Rozalina. Alivuka kutoka Msumbiji juzi juzi kwa vurugu za kule, kama sisi tulivyovuka enzi zetu, yeye na binti yake aliyekuja kufa kwa homa. Wewe ndiye uliyemtafutia kile kibanda cha karibu na mikoko. Maisha yake yalikuwa ni kuchokoa pweza na kuokota kome na kina mama wa Bibi Somoe. Maji ya bamvua yanapokauka asubuhi, mwamba unabaki wazi, na mwanamke mwenye njaa anakuwa huko mpaka maji yarudi. Bahari haijui Jumamosi. Jumapili Rozalina alikuwa wa kwanza kanisani, amesimama nyuma, miguu yake ina chumvi. Lakini jumuiya ya saa tatu, kila bamvua ikiangukia Jumamosi, asingeweza.

Mwenyekiti akasema, "Kila mtu ana shughuli. Tukianza kusikiliza shughuli za kila mtu, hakuna jumuiya. Uhuru si fujo, mzee."

Hapo aligusa neno ambalo mimi na wewe tumeligombania miaka, Damiano.

Unakumbuka uliporudi kutoka ile semina mjini, ile ya Mafundisho Jamii ya Kanisa? Ulirudi umevimba, kifuko cha karatasi kwapani, unatembea kama askofu msaidizi. Ukatukusanya ukasema leo tunajifunza uhuru wa mtu. Nikakucheka mbele ya watu. Nikasema, "Mmakua atanifundisha mimi uhuru? Mimi nimeuvuka Ruvuma kwa mtumbwi, mama kaniziba mdomo nisilie, ng'ambo kunawaka. Uhuru naujua kwa harufu." Ukaniacha nikamaliza majigambo. Halafu ukauliza swali moja, na sijakusamehe hilo pia. Ukasema, "Umekimbia, mtani, sawa. Ulichokikimbia tunakijua. Sasa tuambie ulikimbilia nini?"

Nikaanza kutafuta tumbaku mfukoni, na watu wakashangaa.

Ukaeleza. Ukasema Mungu alimfanya mtu kwa sura yake, na katika sura hiyo mojawapo ya alama zake ni kwamba mtu anaweza kuchagua jema mwenyewe, kutoka moyoni, bila kusukumwa. Kwamba kufanya unalotaka tu bado si uhuru, maana hata mlevi anafanya anachotaka na asubuhi hajui kilichomtuma. Kwamba mwenye njaa hana uhuru kamili, kwa hiyo kumlisha na kumpa kazi ya haki ni sehemu ya kumfungua. Hayo niliyashika kidogo kidogo. Lakini lililoingia likakaa ni lile la hodi. Ulisema, "Mungu aliumba bahari hakuiuliza. Aliumba jua hakuliuliza. Lakini alipotaka kuzaliwa, kwa yule binti wa Nazareti alipiga hodi, akasubiri ajibiwe. Angekataa je? Angeweza. Ndiyo maana kuitika kwake kuna maana."

Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikafikiria habari za baba yangu. Nilikusimulia wewe tu, na leo narudia kwa sababu ndiyo shina la ubishi wangu. Baba alichukuliwa kazi ya lazima kwenye shamba la Mreno, ng'ambo. Mimi nilikuwa mvulana wa kumpelekea chakula, nikawa nasimama uani naangalia. Alfajiri msimamizi anaita majina. Kila mtu anaitika, "Nipo." Anayechelewa kuitika anapigwa viganjani kwa kile kibao chenye matundu, mpaka viganja vinakuwa kama boga. Baba alikuwa mtu wa sauti kubwa, akiimba kwenye ngoma unamsikia kijiji cha pili. Pale uani sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Nipo." Hakuwapo, Damiano. Mwili ulikuwapo. Yeye hakuwapo kabisa.

Kwa hiyo mwenyekiti alipoanza kuita majina, akafika kwangu, mimi nimekaa mbele kabisa, magoti yangu yanakaribia kugusa viatu vyake, akasema, "Anselmi Likomba," mimi nikamwangalia tu. Akarudia. Nikamwangalia. Akasema, "Mzee, upo?" Nikamwambia, "Macho unayo." Watu wakacheka. Akaniandika kuwa sipo. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa kwanza tangu Ukristo uingie nchi hii kuhudhuria kila sala, kuimba kuliko wote, na kuhesabiwa mtoro. Jaribu na wewe huko uliko kama unaweza.

Wakaanza kunitania kwamba mimi mchimba makaburi ndiye nitakayekosa kaburi. Nikawaambia basi waniache juu ya ardhi. Nitanuka mpaka wafungue kikao cha dharura.

Lakini mzaha uliisha, kwa sababu Rozalina alikufa.

Homa ilimshika ghafla. Bibi Somoe alikwenda kumwita waende mwambani, akamkuta hawezi hata kukaa. Wakamkimbiza zahanati kwa bodaboda, akiwa katikati ya dereva na Bibi Somoe, akafia njiani mikononi mwa yule bibi Mwislamu. Hakuwa na ndugu upande huu wa mto. Alikuwa na sisi tu.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Alikuwa anapulizia dawa mikorosho yake. Akavua kitambaa usoni akanisikiliza. Nilimwona amebadilika rangi, sitamsingizia. Lakini akasema, "Mzee, nilisema mbele ya watu wote. Nikivunja kwa mtu wa kwanza, neno langu litakuwa nini? Kengele haitapigwa. Wewe kama wewe, ukitaka kwenda, nenda."

Nikamwacha na dawa yake. Nikaenda moja kwa moja kigangoni, na hasira zangu mbele, mimi nyuma. Unaijua kengele yetu, ile rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwembe pori. Nikachukua sururu yangu nikaipiga ile rimu mpaka kunguru wakahama. Watu wakatoka majumbani. Walipofika wengi, nikapanda juu ya tofali nikasema kwa ile sauti ya baba yangu, ile ya ngomani:

"Rozalina amefariki! Na asiyekuja kumzika leo, sikilizeni vizuri, asinitegemee mimi! Siku yako ikifika, au ya mama yako, au ya mtoto wako, mtachimba wenyewe na vijiko! Nimesema mimi Likomba!"

Nilijisikia vizuri, Damiano. Nilijisikia mrefu. Watu waliogopa kweli, niliona kwenye nyuso zao, kwa sababu wanajua mchanga wetu na wanajua mkono wangu. Walianza kuondoka kwenda kuchukua majembe, haraka haraka, vichwa chini.

Ndipo mjane wako akatoka katikati ya watu, kanga kiunoni, mwiko wa uji bado mkononi. Hakupaza sauti. Akasema, "Shemeji. Kumbe na wewe umekuwa mwenyekiti?"

Nikamwambia, "Mama Fausta, usiniingilie, nawaleta watu msibani."

Akasema, "Unawaswaga. Marehemu mume wangu alikufundisha hodi miaka yote hiyo, wewe leo unavunja mlango na sururu. Rozalina amekufa maskini, na sasa unataka asindikizwe na watu wanaoogopa?"

Nilimtafuta mtu wa kumkasirikia, nikawakosa wote. Nikawaangalia wale watu wanaotembea vichwa chini na ghafla nikauona ule ua wa Mreno. Mimi ndiye niliyeshika kibao.

Sasa usianze kucheka huko. Mimi si mtu wa kurudi nyuma, na sikurudi nyuma. Nilikwenda mbele kwa njia nyingine. Nikaipiga rimu tena, taratibu, kama unavyopiga hodi kwa mtu unayemheshimu. Wakasimama. Nikasema, "Niliyosema nimeyafuta. Nitamchimbia kila mtu, aje au asije. Rozalina amefariki. Kaburi naanza sasa. Anayetaka, aje." Nikashuka kwenye tofali nikaenda zangu makaburini, sikugeuka kutazama nani ananifuata. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko kuchimba. Shingo yangu iliuma kwa kutogeuka.

Nilichimba peke yangu kwa muda. Nikalowesha mchanga, nikachimba. Nikafika magotini, hakuna mtu. Nikaanza kukutukana wewe na hodi zako. Nikasema, "Haya, Mmakua, umeona? Umepiga hodi, wenyeji wamelala."

Halafu nikasikia ndoo.

Walikuwa kina mama wa mwambani, Bibi Somoe mbele. Siku ile ilikuwa bamvua, Damiano. Maji yalikuwa yamekauka vizuri kuliko siku zote za mwezi, pweza wako mashimoni wanangoja kuchokolewa, na wale wanawake maskini, Waislamu karibu wote, waliyaacha maji yakauke na yarudi bure. Waliniletea maji ya kuloweshea kwenye zile ndoo za pweza. Nikamwambia Bibi Somoe, "Nani amekuita wewe?" Akasema, "Nani aniite? Mwenzangu amefia mapajani mwangu, nisubiri kuitwa? Chimba huko, mzee, acha maswali."

Wakaja na watu wetu. Mmoja mmoja. Wale waliokuwa wameondoka kwa hofu, baadhi waliendelea na safari yao hawakurudi, na sikuwauliza wala sitawauliza. Wengine walikuja wakitembea kawaida, vichwa juu, wanazungumza. Kijana wa bodaboda alikuja na sepeto. Mama Fausta alikuja na kitabu chako cha mazishi, kile chenye jalada jeusi na doa la chai. Akaniwekea mkononi. "Padre yuko mbali, katekista mpya hatujapewa. Soma wewe."

Mimi! Mbele ya watu wote. Nilijipangusa mchanga nikafungua. Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe unajua kipimo changu: nilisoma kama mtu anayevuka matope ya mikoko, kila neno mguu unazama. Lakini nilivuka. Hakuna aliyecheka. Nikafika kwenye neno moja refu, refu kama reli, nikalianza, nikalirudia, likanikataa. Nilisikia jasho linashuka masikioni.

Nyuma, kwenye mikorosho, sauti ikalisema lile neno. Polepole, bila kunidharau.

Sikuhitaji kugeuka. Nilijua sauti ile, ndiyo inayoita majina kila Jumamosi. Nikalisema neno, nikaendelea. Mbele kidogo nikakwama tena, akanipa tena. Tukamaliza hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, mpaka amina. Ilipofika zamu ya kutupa mchanga, Bwana Kalisti akapita watu, kofia mkononi, akatupa wake. Alikuwa bado ananuka dawa ya mikorosho.

Tulipokuwa tunarudi, tukajikuta njia moja. Akasema, "Mzee, ile ya kwanza uliyoipiga kwenye rimu, ya vitisho, niliisikia. Nikasema siendi ng'o."

Nikasema, "Na ya pili?"

"Ya pili niliisikia pia." Akatembea kidogo. "Sijui ningekuja kama usingeifuta. Sijui, mzee."

Nilimheshimu kwa hiyo 'sijui'. Mtu mwingine angejipamba.

Padre alipokuja mwezi ule tulimweleza. Akasema mazishi si zawadi ya wenye mahudhurio mazuri, na kwamba Mungu hajawahi kumzika mtu kwa kuangalia aliitika mara ngapi. Hilo la kutomzika mtu halijatajwa tena. Jumuiya sasa inakutana kwa kufuata maji. Bamvua ikija Jumamosi tunakutana jioni, na kina mama wanakuja wakinuka bahari, tunafungua madirisha. Mwenyekiti ndiye aliyependekeza. Mimi nilimuunga mkono kwa sauti kubwa ili ionekane ni wazo langu.

Lakini majina bado anayaita. Anasema ni mazoea ya kazi, na pia anataka kujua nani anaumwa ili amtembelee, na kweli anawatembelea. Akaniuliza siku moja, kwa upole, "Mzee Likomba, yaliyopita yamepita. Kuitika kuna nini? Neno moja tu." Nikamkalisha hapa hapa barazani, kwenye kiti cha kamba, naye hakukiogopa kama wewe. Nikamsimulia habari za baba na ua wa Mreno. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia yake anaizungusha vidoleni. Nikamwambia, "Najua wewe si Mreno. Lakini sitaitika. Utaniita mpaka uchoke."

Akafikiri. Akasema, "Basi nitakuita, na wewe usiitike. Nikiacha kukuita nitakuwa nimekufukuza."

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Anafika kwenye jina langu, analitaja, ananyamaza kidogo. Ananisubiri, Damiano. Hasukumi. Halafu anaendelea na mwingine. Katika ule unyamavu mdogo, mimi nakaa nimenyoosha mgongo, nasikia mimi ni mtu. Wakati mwingine anatabasamu kunichokoza, kana kwamba siku moja nitajikwaa niitike. Hatanipata.

Jumamosi iliyopita alikuwa na haraka, mvua inakuja. Akasoma majina mbio mbio, na kwa kukosea akasoma na lako. "Katekista Damiano." Alishtuka mwenyewe, akafunga mdomo. Mama Fausta akainamisha kichwa.

Nikasimama mimi, ambaye langu siitiki, nikasema kwa sauti ya ngomani, "Yupo!"

Hakuna aliyenisahihisha.

Sasa naona jua linakuja barazani na mkono umekufa ganzi, kwa hiyo nakuaga, tofauti na wewe usiye na adabu. Lala vizuri katika kuta nilizokunyooshea. Nakuahidi haya na nimeyachagua mwenyewe. Nitawachimbia wote. Waliokuja na wasiokuja. Nitamchimbia hata mwenyekiti, kama atatangulia, na kuta zake zitasimama kama zako, kwa sababu hakuna atakayenilazimisha. Nikitangulia mimi, vijana wawili nimeshawaonyesha kuulowesha mchanga, ingawa mmoja ana mkono wa kike.

Na lile neno baba yangu aliloporwa kila alfajiri, mimi nimelitunza. Halijatoka kinywani mwangu kwa mtu yeyote mwenye kibao wala mwenye kofia. Siku Mungu Mwenyewe atakapokuja mlangoni kwangu na kubisha kama ulivyosema anabisha, na kungoja kama ulivyosema anangoja, nitamwacha asubiri kidogo, ajue amefika kwa Likomba. Halafu nitaitika, kwa ile sauti kubwa ya baba, na wewe huko utaisikia.

Mtani wako asiyekuomba radhi,

Anselmi Likomba